Naomba ushauri: GPL toleo la 2 na Apache 2.0 ndani ya programu moja

Habari zenu wakuu. Natengeneza programu ya hesabu za vikoba, nataka kuitoa bure pamoja na msimbo wake. Inatumia maktaba mbili (misimbo iliyoandikwa na wengine): moja ina leseni ya Apache 2.0, nyingine ya GPL, zote leseni za programu huria. Free Software Foundation, shirika lililoandika GPL, wanasema Apache 2.0 inapatana (yaani inaweza kuunganishwa) na GPL toleo la 3, si la 2, kwa sababu ya masharti ya hataza (haki za uvumbuzi, "patent"). Nimefungua mafaili ya ile maktaba ya GPL: juu kabisa pameandikwa toleo la 2 pekee, yale maneno "au toleo lolote la baadaye" hayapo. Nimemwandikia mwenye maktaba hiyo, bado kimya.

Je, nikiitenga ya GPL iwe programu inayojiendesha yenyewe, ziwasiliane kwa amri tu, inatosha? Au niandike upya sehemu hiyo? Kazi ya mtu aliyoitoa bure sitaki kuivunjia masharti.