Kuku wa cacciatora: nyanya au siki? Wazoefu njooni

mama_wawili: Habari zenu wapendwa. Jumapili nina wageni sita, nimeshaahidi pollo alla cacciatora, yule kuku wa kiwindaji wa Waitaliano. Nimekuta mapishi mawili yasiyofanana hata kidogo. La kwanza lina nyanya, karoti, seleri na zeituni. La pili halina nyanya kabisa, ni siki, vitunguu saumu na rozmari. Lipi ndilo lenyewe? Na kuku awe wa kisasa au kienyeji? Niko Dar, jiko la gesi, sufuria za kawaida tu.

mpishi_malindi: Yote ndiyo yenyewe, dada. Nimewapikia Waitaliano hapa Malindi miaka tisa na nimewaona wakigombana juu ya sufuria yangu. Wa Toscana anataka nyanya na divai nyekundu. Wa Roma akiona nyanya anauliza nani kamharibia kuku wake. Nyanya zenyewe zilifika Ulaya karne ya 16 kutoka Amerika, kwa hiyo mwindaji wa kabla ya hapo hakuwa nazo.

Kwa wageni sita chukua la nyanya, ukikosea kidogo mchuzi unakusitiri. Siki ikizidi, meza nzima inakunja uso.

Ila kazi iko kwenye kukaanga. Vipande vifute vikauke, tia chumvi, laza ngozi chini kwenye mafuta ya zeituni, kisha usiviguse. Ukivuta kipande kikang'ang'ania, bado. Kikiiva ngozi kinajiachia chenyewe. Toa kuku, kwenye mafuta yaleyale weka kitunguu, karoti na seleri zilizokatwa ndogondogo, moto mdogo dakika kumi. Mimina nusu glasi ya divai, ukwangue ule ukahawia ulioganda chini. Ukiosha sufuria hapo katikati, umemwaga ladha yote.

binti_unguja: Na sisi tusiotumia divai? Mie natia supu ya kuku na vijiko viwili vya siki ya tufaha, na hakuna aliyewahi kulalamika. Napika zaidi lile la Kiroma: natwanga thomu, rozmari na vile visamaki vya chumvi vya kwenye mafuta, nachanganya na siki, namwagia kuku dakika kumi za mwisho. Visamaki vinayeyuka, husikii samaki, unasikia utamu tu. Siku moja nilivikosa nikatia dagaa wakavu. Jamani msijaribu. Mapazia yalinuka hadi wiki ya pili.

mzee_wa_kienyeji: Kuku wa kisasa kwenye mchuzi huu ni kupoteza gesi. Anachambuka kabla mchuzi haujamwingia.

mpishi_malindi: Mzee, kienyeji anataka saa moja u nusu au mbili na maji ya kuongezea. Wa kisasa dakika 40 ameiva. Akinunua mapaja matupu hachambuki; kinachokauka ni kidari.

niko_torino: Huku kaskazini mwa Italia wengi wanaongeza uyoga, na pembeni wanaweka polenta, yaani unga wa mahindi uliosongwa laini. Mara ya kwanza kupakuliwa nilicheka peke yangu: nimepanda ndege mbili kuja kula ugali.

mama_wawili: Mrejesho wa Jumapili. Nilipika la nyanya, mapaja 12 ya kisasa, siki badala ya divai kama alivyosema binti_unguja. Nilikaanga mara tatu kwa sababu sufuria ndogo, na vipande vya kwanza nilivibana vikatoa maji, ngozi ikabaki sufuriani. Vilivyofuata vikajiachia vyenyewe. Zeituni sikuonja kabla, chumvi ikazidi. Nikaongeza nyanya mbili na maji, ikakaa sawa. Mume wangu amekula na ugali. Mchuzi uliobaki, asubuhi kwenye chapati ulikuwa mtamu kuliko jana yake.

mzee_wa_kienyeji: Kienyeji lini?