Walimu wananikimbia kila ajira za serikali zikitangazwa, nifanyeje?

Mtoa mada: Wakuu, salaam. Nasimamia shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza ya familia yetu, Morogoro. Walimu 14. Mwaka jana wameondoka watano, wawili ni wa hesabu, darasa la saba likiwa limebakiza wiki sita kufanya mtihani. Mmoja aliaga kwa meseji usiku. Mwenye diploma namlipa 450,000, chakula cha mchana bure, na kila A ya darasa la saba ina 10,000 yake. Kupandisha mshahara siwezi. Ada inalipwa kwa awamu nne na ya nne naipata kwa kuvizia wazazi getini. Kaka yangu anasema nishikilie vyeti vyao halisi mpaka mkataba uishe. Nawasilisha.

Vumbi la Chaki: Vyeti vya watu usiguse mkuu. Habari ikisambaa, mwalimu mzuri hata barua ya maombi haleti, utabaki na wasio na pa kwenda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Iandike kwenye mkataba.

Mtoro wa Private: Mimi ni mmoja wa hao wanaokimbia. Nilifundisha private miaka sita, sasa niko serikalini, kijijini kabisa, na mshahara wa kuanzia wala haukunizidishia sana. Kule Juni na Desemba tulilipwa nusu eti hatukuingia darasani, kana kwamba tumbo nalo lilifunga shule. Nilipoomba mkopo wa kumalizia nyumba, benki wakaona mkataba wangu umebakiza miezi minne, wakanirudishia karatasi. Rafiki yangu mwenye cheki namba, yaani namba ya mwajiriwa wa serikali, alipewa. Halafu siku naacha kazi ndipo nagundua kuna miezi 14 nilikatwa michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na haikupelekwa. Mkuu, wewe likizo unalipaje?

Mama Bweni: Kwetu mtoto wa kwanza wa mwalimu anasoma bure, wa pili nusu ada. Kiti chenyewe kingekaa kitupu tu. Mwalimu mwenye mtoto darasa la tatu hahami kirahisi. Akijifungua, siku zake 84 tunalipa zote. Na hiyo 10,000 ya A iangalie upya, mwalimu wa darasa la awali ataipata wapi A? Yeye ndiye aliyemfundisha huyo mtoto kusoma.

Kalamu Nyekundu: Wengine wataondoka hata uwape nyumba na ng'ombe. Kila somo la mtihani liwe na walimu wawili wanaolimudu, usitegemee mmoja.

Mtoa mada: Nimewasoma wote. Mtoro umenishika pabaya: likizo nalipa nusu, sikuandika kwa sababu shule zote jirani zinafanya hivyo nikaona ni kawaida. NSSF nadaiwa miezi mitatu. Nimepiga hesabu, kulipa Desemba kamili kunaongeza kama milioni 3. Basi la pili la shule litasubiri. Mkataba niwape miaka miwili au mitatu?

Mtoro wa Private: Mitatu, benki wamkopeshe mtu wako. Ila lipa kwanza hiyo NSSF kabla hujawaita kusaini. Siku hizi salio tunaangalia kwenye simu.