Kompyuta zipo, ufunguo uko kwa mkuu. Tuanzie wapi?

Wadau, kila ikitajwa TEHAMA sekondari mtu anadakia: vifaa hakuna. Ni kweli shule nyingi za kata hazina. Ila mimi nimefundisha shule iliyopewa kompyuta 12 za msaada. Siku ya kukabidhiwa, mgeni rasmi akakata utepe, picha zikapigwa. Mwaka wa pili zilikuwa zimefunikwa vitenge, mlango una kufuli, ufunguo kwenye droo ya mkuu wa shule. Wanafunzi wa somo la kompyuta nikawachorea kibodi ubaoni kwa chaki. Binti mmoja akaniuliza kama kile kitufe cha kuachia nafasi ni kirefu kweli au nimekosea kuchora.

Kwa nini kufuli? Zile mashine zimo kwenye leja, daftari la mali za shule. Ikiharibika moja, mkuu anaandika maelezo na mkaguzi wa ndani anakuja na maswali yake. Zikikaa bila kuwashwa mwaka mzima, hamna anayeuliza. Fungu la fundi nalo halipo. Tangu elimu bila ada ianze 2016 tunategemea ruzuku, na hiyo hiyo inagombaniwa na karatasi za mitihani, maji na umeme wa LUKU.

Hoja yangu: msaada wa kompyuta usipokelewe bila fungu la matengenezo, na mkuu asibanwe kwa kifaa kilichochakaa kwa kutumika. Mnasemaje?

Mwalimu wa Fizikia: Hapo kwenye leja umegonga penyewe, mwalimu mwenzangu. Ila umeme umeuruka. Kwetu unakatika saa nne, kipindi cha kompyuta kiko saa tano. Vile vishikwambi vya sensa ya 2022 tulivyogawiwa walimu, changu nakichajisha kwa mama mmoja muuza duka mwenye sola. Andalio la somo naandika humo humo, bando natoa mfukoni.

Mzazi wa Kidato cha Tatu: Walimu, mnazunguka mbuyu. Mwanangu ana simu nyumbani inayozishinda hizo kompyuta zenu zilizovaa kitenge, lakini akikutwa nayo shuleni inavunjwa mbele ya paredi. Ruhusuni simu hata saa moja kwa siku, chini ya mwalimu.

Mleta mada: Mzazi, kuvunja simu ya mtoto hata mimi sikubaliani nako. Ila darasani kwangu walikuwa 70 na ushee, wenye simu za tachi kwao hawakuzidi kumi. Waliobaki wachungulie ya nani? Machi 2020 shule zilipofungwa kwa korona nilituma maswali kwa WhatsApp. Waliojibu ni wale wale kumi.

Kuhusu umeme, nakubali, niliuruka.

Mwalimu wa Fizikia: Swali dogo. Halmashauri yenu ilishawahi kufuta kifaa kibovu kwenye leja? Sisi tuna printa haijatoa karatasi tangu nihamie hapa, na kila mwaka inahesabiwa nzima.