Uliyeshona tisheti ya kiume mwenyewe nyumbani, ilikukaaje? Tupeane uzoefu

Nyuzi_za_Ngamiani
Habari za mchana wakuu. Sasa hivi kapita kijana hapa Tanga barabara ya 14 na baiskeli yake, kavaa tisheti nyeusi shingo imelegea inacheza yenyewe na mshono wa bega umerudi mgongoni, nikajua palepale ile haijatoka dukani wala kwenye belo la mitumba, kuna mtu nyumbani kakalia cherehani. Marehemu babu alikuwa fundi, shati na suruali anakushonea huku anapiga soga, ila ukimpelekea kitambaa cha kuvutika anakwambia kampelekee adui yako. Hebu leteni zenu, uliyejishonea au uliyeshonewa, ilikukaaje mwilini? Na waliofaulu mje pia msijifiche.

chumbageni_kwanza
Kwanza mtu mzima unashona tisheti ya nini? Mitumba imejaa mjini unapata kitu safi cha Ulaya kwa bei ya soda na chapati. Mnatafuta presha tu.

Mama_Sahare
@chumbageni_kwanza wewe Mungu kakupa mwili wa dukani ndio maana unaongea. Mume wangu mabega membamba tumbo alhamdulillah, akichukua L inamkaa mabegani halafu chini inapanda kitovu kinachungulia, akichukua XXL bega linaning'inia huku mkono unafika kwenye kiwiko. Mimi nilichukua tisheti yake kuukuu anayoipenda nikaikunja katikati kwa urefu nikailaza kwenye gazeti nikaifuata pembeni kwa kalamu. Nikaongeza sentimita moja ya mshono kila upande, chini nikaacha inchi nzima ya pindo. Mabega sikuyagusa kabisa, nilichofanya ni kutanua ubavu kuanzia chini ya kwapa kushuka. Na shingo ya nyuma inakatwa juu, inashuka kama sentimita mbili tu, ya mbele ndio inashuka sana, ukizikata sawa tisheti inamkaba mtu kooni siku nzima anakuwa anaivuta.

mgosi_wa_pongwe
Tumbo ndio linatuponza wagosi wote. Naunga mkono.

Fundi_Mstaafu
Salaam wanangu. Wengi mnalaumu cherehani kumbe sindano. Kitambaa cha tisheti kimefumwa kwa vitanzi, hakikusukwa nyuzi kupishana kama poplini, sasa ukichoma na sindano ya ncha kali unakata vitanzi, leo huoni kitu ila ukishafua fua unaona vitundu vimejipanga kando ya mshono. Ulizeni sindano ya bolpointi, ncha yake imeviringana inasukuma uzi pembeni badala ya kuutoboa. Namba 75 au 80 inatosha, kitambaa kizito chukua 90. Mshono ukiwa unaruka badilisha sindano kwanza kabla hujampelekea mtu hela ya kurekebisha mashine. Uzi uwe wa poliesta, ule wa pamba ukivutwa unakatika. Na kama mashine yako inayo zigizaga, ule mshono wa kupindapinda, tumia zigizaga nyembamba sana, kwa macho unaona kama mstari ulionyooka ila ukivuta unafuata. Hizi zetu za kukanyaga nyingi ni mstari tu, hapo unakivuta kitambaa kidogo mbele na nyuma huku unashona.

dada_wa_mabawa
Shikamoo mzee. Mimi hapo kwenye kuvuta napinga kwa heshima zote. Watu wakiambiwa vuta wanavuta kweli, matokeo ubavu mzima una mawimbi pasi haiwezi kulaza. Legeza presa ya futi, yaani ule mguu wa mashine usikandamize sana kitambaa, acha meno ya mashine yapeleke kitambaa chenyewe.

Fundi_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Nimesema kidogo. Hiyo presa cherehani nyingine haina pa kulegezea, utafanyaje?

dada_wa_mabawa
Unashonea juu ya ukanda wa gazeti, ukimaliza unalichana.

Fundi_Mstaafu
Gazeti linaacha wino kwenye kitambaa cheupe.

dada_wa_mabawa
Basi karatasi ya daftari mzee wangu jamani 😂

Shemeji_wa_Duga
Nyie mnabishania gazeti, subirini mimi niwape halafu mniache nipumue.

Idd moja hivi mke wangu alikuwa ndio kwanza karithi cherehani ya kukanyaga ya shangazi yake, kila kitu ndani ya nyumba kinashonwa, mapazia, foronya, mpaka kitambaa cha kufunikia redio. Akasema safari hii huendi kununua nguo nakushonea tisheti. Kitambaa kizuri bluu iliyoiva, kinene kidogo, kapima kila kitu, kifua, bega, urefu, mkono. Kichwa hakupima. Na mimi ndugu zangu kichwa ninacho, shuleni walikuwa wananiita jina nisilotaka kulitaja humu.

Asubuhi ya Idd navaa, pale kwenye masikio nikasikia ta ta ta, nyuzi zinalia. Nikasukuma, ikapita. Nilipojiangalia kwenye kioo nikasema huyu mwanamke fundi, mabega yamekaa, mikono imefika pale pale, tumbo halionekani. Tukapanda gari mpaka Muheza ukweni. Kila mtu anasifia, mama mkwe kanigeuza nyuma na mbele, mke wangu anatembea hagusi chini.

Tukala pilau, joto unalijua, jasho linatiririka, halafu mtoto wa shemeji akanimwagia bakuli la mchuzi kifuani. Wakasema vua upesi ifuliwe doa halijakomaa. Nikaingia chumba cha pili, nikashika chini nikavuta juu. Ikafika masikioni ikagoma. Nikarudisha chini, haishuki, imelowa jasho imejikunja imeganda. Mikono iko juu, kichwa kiko ndani, naona bluu tu, nasikia harufu ya mafuta ya cherehani na bizari. Nikaita taratibu, mama Fulani, mama Fulani. Aliyeingia ni mama mkwe.

Mimi kifua wazi mbele ya mkwe mikono juu nimesimama kama nimekamatwa na polisi. Akapiga yowe akatoka mbio, ndio wakaja wote sasa. Shemeji mmoja anavuta huku mwingine kanikumbatia kiunoni, masikio yanataka kung'oka, kuna mzee mmoja ananisomea. Mama mkwe kutoka nje ya mlango anasema kateni, leteni mkasi kateni. Halafu nikasikia mke wangu anasema haikatwi, nimeishona usiku kucha hii haikatwi. Mimi nimo ndani nasikia wanajadiliana!! Mtu na mama yake wanabishana na kichwa changu kimo humo.

Aliyeniokoa ni shemeji mdogo, kaja na wembe akaanza kufumua ule ukanda wa shingo kitanzi kimoja kimoja kandokando ya sikio langu, ananiambia shem usitikisike. Wembe unausikia ukipita kwenye uzi, kriii. Kilipotoka kichwa watu walipiga vigelegele, nikapewa kanzu ya baba mkwe ambaye ni mfupi, ilinifika chini kidogo ya magoti, ndio niliyorudi nayo Tanga kwenye Noah.

Mama_Sahare
Nimecheka mpaka mtoto kaamka

chumbageni_kwanza
Mkwe alisema nini baadaye? Usituache hapo.

binti_raskazone
Picha ya kanzu tafadhali

mgosi_wa_pongwe
Mgosi pole. Hilo jina la shuleni lilikuwa nani?

Shemeji_wa_Duga
@chumbageni_kwanza mkwe mpaka leo nikifika anauliza umevaa ya vifungo? @mgosi_wa_pongwe hapana.

Nyuzi_za_Ngamiani
Jamani turudi kwenye mada. Shemeji ule ukanda wa shingo ulikatwa kwa upana wa kitambaa au kwa urefu?

Shemeji_wa_Duga
Mimi nitajuaje, muulize aliyeshona. Najua tu haukuvutika.

dada_wa_mabawa
Ulikatwa kwa urefu huo, nina hakika. Kitambaa cha tisheti kinavutika zaidi kwa upana, kutoka ukingo huu kwenda ule, kwahiyo ukanda wa shingo unaukata kwa kufuata upana ili mvutiko uzunguke shingo. Ukikata kwa kufuata urefu unapata kamba. Halafu akapiga mstari mnyoofu juu yake, ndio zile ta ta ta, uzi ulikuwa unakatika, bahati haukukatika wote.

Shingo naifanyaje mimi: nasimamisha futi kamba pembeni nazungushia tundu la shingo pale mshono utakapopita, tuseme limekuja sentimita 50. Ribu, kile kitambaa cha mifereji kinachovutika sana, nakata asilimia 80 mpaka 85 ya hiyo, yaani kama 42, naongeza nafasi ya kuungia. Kama natumia kitambaa kilekile cha tisheti ambacho hakivutiki kama ribu nasogea mpaka karibu 90. Naunga mduara, nagawanya robo nne naweka pini, tundu la shingo nalo nagawanya robo nne, pini kwa pini, halafu ndio navuta ukanda tu, tisheti yenyewe siivuti. Kabla ya kushona shika ule mduara mikononi uvute uone kama unafika 60 na kitu, kichwa cha mwanaume mzima mara nyingi ni 56 mpaka 60. Cha Shemeji sijui.

Shemeji_wa_Duga
😒

likoni_street
Hayo yote ya nini, nunua ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa. Bila ovaloki usiguse tisheti.

dada_wa_mabawa
Uongo. Jezi, yaani hiki kitambaa cha tisheti, haichanuki nyuzi pembeni, inajikunja tu. Nimeshona bila ovaloki na zinavaliwa.

likoni_street
Ndani zinaonekanaje? Usitudanganye.

dada_wa_mabawa
Nani anavaa ndani nje?

pwani_bagamoyo
Wa huku Bagamoyo tunaruhusiwa? Yangu fupi. Kaka yangu kashonewa tisheti ya pamba tupu, siku ya kwanza imekaa vizuri, ilipofuliwa na kuanikwa ikampata mdogo wetu wa darasa la sita. Pamba inasinyaa hasa kwa urefu. Kitambaa kinafuliwa KABLA ya mkasi, kianike kwa kukilaza kivulini, ukikining'iniza kikiwa na maji kinavutika chini unakuja kupima uongo.

Mama_Sahare
Hii ni kweli tupu. Mimi pamba naifua mara mbili kabisa.

msambaa_wa_pwani
Mimi njia yangu mtanicheka. Nachukua XXL ya mitumba iliyo nzuri, nafumua mikono yote miwili, navaa ndani nje, mwenzangu ananiwekea pini bega linapoishia kwenye mfupa na ubavuni. Nakata bega, nalishusha tundu la kwapa kidogo lakini sio sana, kwapa likishuka sana ukinyanyua mkono tisheti yote inapanda. Mkono nauunga kwanza kwenye bega kitambaa kikiwa kimelala, halafu nashona mara moja kutoka pindo la mkono kupita kwapani mpaka chini. Shingo ya kiwandani siigusi, pindo la chini siligusi. Hakuna anayejua.

likoni_street
Hiyo ni kupunguza sio kushona. Mada inasema kushona.

msambaa_wa_pwani
Wewe umeshona ngapi?

likoni_street
Nina ovaloki.

msambaa_wa_pwani
Nimeuliza umeshona ngapi.

binti_raskazone
Kwani siku hizi wanaume ndio mnashona? Haya bwana

Fundi_Mstaafu
Binti, barazani za Ngamiani umekuta wanawake gani kwenye cherehani zamani? Sisi ndio tulikuwa tunakaa pale, mama zenu wanatuletea vitambaa. Ongezeni na hili, mshono wa bega uwekeeni utepe mwembamba wa pamba usiovutika, au hata ukanda wa kitambaa cha shati, mnaushona pamoja. Bega linabeba uzito wa tisheti yote, bila utepe linarefuka na bega ndio linarudi mgongoni alivyosema mwenye mada. Na nyie wa Raskazone na Sahare mlio karibu na bahari, cherehani ifunikwe na ipakwe mafuta, chumvi inakula chuma. Ukishapaka, shona kwanza kwenye kitambaa kibovu.

Mama_Sahare
Ahsante mzee. Na ile mistari miwili ya pindo la chini, sindano pacha inawezekana kwenye ya kukanyaga?

Fundi_Mstaafu
Usijaribu mama. Sahani ya mashine ya mstari mmoja ina tundu dogo, sindano ya pili inagonga chuma inakatika na kipande kinaweza kukuingia jichoni. Piga mstari mmoja, sogea, piga wa pili, kwa kuvuta kidogo.

dada_wa_mabawa
Bila kuvuta.

Nyuzi_za_Ngamiani
Mnaanza tena. Ribu mnapata wapi hapa Tanga? Madukani nimezunguka naambiwa rangi nyeusi na nyeupe tu.

pwani_bagamoyo
Agiza Kariakoo.

msambaa_wa_pwani
Kata kiunoni kwenye sweta la mitumba, ribu safi kabisa na rangi unachagua.

likoni_street
Ribu ya sweta nene hiyo, mtu atavaa tisheti na msimu wa baridi shingoni.

msambaa_wa_pwani
Sweta jepesi bwana, tumia akili.

chumbageni_kwanza
Mama Sahare samahani, sio kwamba nimekubali, ila kuna bwana mmoja namfahamu mabega inchi 17 tumbo lake silitaji, ukimshonea unachukua ngapi?

Mama_Sahare
Mwambie huyo bwana aje na kitambaa kilichokwisha fuliwa, na kichwa chake nitakipima.