Ruaha na watoto mwezi wa sita, inalipa?

MamaPacha_Uyole: Habari zenu wadau, likizo ya mwezi wa sita nataka kuwapeleka watoto Ruaha tukitokea Mbeya, sasa baba yao anasema ya nini wakati pale Mikumi ukiwa kwenye basi tu la Dar unaona twiga na tembo bure kabisa, mi nataka watoto wawe na cha kusimulia bana. Aliyeenda na familia waliona nini?

MkwawaJr: Nenda Ruaha dada. Mwezi wa sita mpaka wa kumi kiangazi, maji yanabaki mtoni Ruaha Mkuu basi wanyama wanajileta wenyewe, sisi tulipaki tunakula viazi vyetu tembo wakaja na vitoto wanachimba mchanga watafute maji, kitindamimba wangu mpaka leo anachimba uani kwa bibi yake eti yeye tembo 😂 Na tandala wapo wote, mkubwa na mdogo. Laleni Iringa mjini kwanza, mpaka hifadhini ni kama kilomita 130.

Tulivu_Tukuyu: Msivae nyeusi wala bluu, mbung'o watawamaliza.

MzeeWaMakete: Kitulo mnaisahau jamani! Tembo hakuna ila maua Desemba mpaka Aprili ni balaa. Kuna na kipunji, yule kima wanasayansi wamemjua 2003 wakati Wanyakyusa wanamjua tangu enzi za mababu.

MamaPacha_Uyole: Shikamoo mzee, Kitulo tutaenda Krismasi. Baba yao nimemsomea ya tembo, kanyamaza. Ya mbung'o sijamsomea.