Mazoezi ya mtetemo (TRE) baada ya ajali: mguu hautulii, nifanyeje?

Kibwebwe
Wakuu, habari za jioni. Tangu ajali ya basi usingizi umenikimbia, nikisikia breki moyo unaruka. Nimeanza mazoezi ya mtetemo ya yule Mmarekani, David Berceli, yale ya kuuacha mwili utetemeke wenyewe ili utoe mshtuko. Wiki ya 3 sasa, kila usiku dakika 45. Nikimaliza, mguu wa kushoto unaendelea kurukaruka. Niongeze muda au nipunguze?

Mzizi wa Mbuyu
Dakika 45! Anayeanza hazidi 15, tena kwa kuruka siku. Unachosha miguu kwanza: mgongo ukutani, magoti yamekunjwa kama umekalia kiti, mapaja yakiwaka unapanda kama sentimita 5. Halafu unalala chali, nyayo zimekutana, magoti wazi, unainua kiuno kama dakika moja. Shusha, sogeza magoti yakaribiane kidogo kidogo mpaka yatetemeke yenyewe. Kuzima ni kunyoosha miguu. Ukinyoosha na bado unaruka, hilo si zoezi tena. Unaumwa nini kingine?

Babu Kijiwe
Panda bodaboda ya barabara ya vumbi, utatetemeka bure.

Nuru ya Asubuhi
Mpendwa, hiyo ni roho ya hofu. Mkesha wa siku 3, utaona.

Kibwebwe
Siumwi kitu.

Mzizi wa Mbuyu
Dawa je?

Kibwebwe
Haya. Niliumia kichwa, kliniki wakanipa fenobabitoni, dawa ya kuzuia kifafa. Nimeshuka mwenyewe toka vidonge viwili hadi nusu. Vinanilewesha, na nikivinywa mtetemo hauji vizuri. Si wanasema mwili unajua kujiponya?

Chumvi Kidogo
Chai hii. ID ya juzi, jina la Mmarekani kamili, kidonge nusu. Kesho ataleta namba ya kulipia kozi. Moderata!

Babu Kijiwe
Ngoja nilete vitumbua.

Mzizi wa Mbuyu
Chai au si chai, kuna wanaosoma. Fenobabitoni haikatwi ghafla: ubongo uliozoea kutulizwa unafumka, kifafa kinaweza kufuatana bila kupumzika. Na mkesha msimshauri, kukosa usingizi hukichokoza. Mwenye kifafa hagusi mtetemo huu bila daktari wake kujua. Kwenye zoezi unaongea, unajua ulipo, unazima ukitaka. Kifafa hakikusikilizi: upande mmoja unaruka wenyewe, au fahamu zinakata, mkojo unatoka, ulimi unang'atwa. Mtu akianguka mlaze ubavu, kijiko mdomoni marufuku, zikipita dakika 5 mkimbizeni hospitali.

Kibwebwe
Juzi niliamka mto una damu. Nikajua ni fizi.

Mzizi wa Mbuyu
Nenda hospitali leo, na kopo la dawa mkononi. Waambie ulishusha lini na kiasi gani. Usijirudishie dozi kwa kukisia. Usilale peke yako.

Chumvi Kidogo
Niwie radhi mkuu. Chai nimemwaga.

Kibwebwe
Kliniki yangu ni Alhamisi, si mbali. Kwa leo je, dakika 5 tu?