Kayaki mpya ya kuvulia: niijaribuje uwezo wake wa kuelea kabla ya kuingia maji makuu?

Mshipi Mrefu anauliza:

Ndugu wavuvi, nawasalimu kwa heshima. Nimepata kayaki mpya ya kuvulia, ya aina ya kukalia juu, iliyofinyangwa kwa plastiki ya polithini. Urefu wake ni mita 3.6, upana sentimita 86, na uzito kilo 35 kabla ya kufungwa kiti na vifaa. Kibandiko cha kiwandani kinasema inabeba kilo 200. Ina kifuniko kimoja omoni, yaani mbele, na kingine katikati, matundu ya kumwaga maji yanayopenya kutoka kwenye sitaha hadi chini, na kizibo kimoja karibu na tezi, yaani nyuma. Ndani ni uwazi mtupu, bila kiambaza chochote, yaani ukuta wa kuugawa.

Mimi na vifaa vyangu, yaani betri, kitafuta samaki, nanga ndogo, mianzi miwili na sanduku la ndoana, tunafika kilo 120 hivi. Nimekwisha kuishusha majini ikiwa tupu na ikaelea bila tatizo, lakini naona hilo halinielezi itakuwaje siku maji yatakapoingia ndani, au itakapopinduka nami nikiwa mbali na ufuko. Naomba mnieleze ni majaribio gani ninayopaswa kuyafanya kabla sijaanza kuvua nayo, na kama kuna haja ya kuijaza povu.

Fundi Kalafati anajibu:

Ndugu Mshipi, swali lako ni la mtu anayetaka kurudi nyumbani, nami nitalijibu kwa kirefu.

Kayaki yako inaelea kwa sababu ya hewa iliyofungiwa ndani yake, wala si kwa sababu ya plastiki. Polithini ni nyepesi kidogo tu kuliko maji: kilo 35 za plastiki hiyo huchukua nafasi ya lita 37 hivi za maji, kwa hiyo hewa yote ikitoka, gamba zima linabakiwa na nguvu ya kuinua kama kilo mbili tu. Betri ya risasi ya kilo nne, hata ikiwa imezama, inatosha kuimaliza nguvu hiyo, na nanga bado haijahesabiwa. Wala usiitegemee sheria ikufanyie kazi hii. Kanuni za shirikisho za Marekani, kwa mfano, zinawalazimu watengenezaji wa boti ndogo nyingi kuweka ndani yake vitu vya kuziwezesha kuelea zikijaa maji, lakini kayaki na mitumbwi zimeachwa nje ya kanuni hizo. Kilo 200 za kwenye kibandiko ni habari ya chombo kikavu, na jaribio lenye maana kubwa kwako ni la chombo kilichojaa maji.

Anza hata hivyo na ukavu. Chagua maji yanayokufika kiunoni, yasiyo na mkondo, upepo ukivuma kuelekea nchi kavu, na uwe na mwenzako aliyeshika kamba iliyofungwa omoni. Pakia kilo 120 zako kama utakavyovua, kisha utie alama ya utepe mahali maji yanapofika ubavuni. Wengi wetu hatupakii zaidi ya asilimia 70 ya uzito ulioandikwa, na kwa kilo 140 bado una nafasi kidogo. Tazama pia kama omo na tezi vinakaa sawa, kwa sababu chombo kilicholemea nyuma hugeuka vibaya kwenye upepo na huingiza mawimbi kwa tezi.

Hatua inayofuata ndiyo wanayoiruka wengi. Mimina lita 20 za maji ndani ya gamba, lifunge, kisha ukae na upige kafi taratibu. Utasikia mara moja jinsi maji yale yanavyokimbilia upande ulioinama na kuuvuta zaidi. Hizo ni kilo 20 tu, lakini ni kilo zinazotembea, na katika gamba lisilo na kiambaza zinaweza kutembea kutoka ubavu hadi ubavu na kutoka omo hadi tezi. Ongeza zifike 40 ukiwa bado mahali unaposimama. Ukishaujua mwenendo huo kwa mwili wako, utautambua mapema siku utakapouhisi huko nje, kabla ya chombo kukutupa.

Kisha shuka, ondoa vifaa vya umeme, fungua vifuniko na uiache ijae kabisa. Weka mifuko ya mchanga mahali pa betri na nanga, na usitumie madumu ya maji, kwa sababu dumu la lita 20 ni farumi nzuri, yaani uzito wa kukituliza chombo, chombo kikiwa kikavu, lakini likizama halina uzito tena na matokeo yatakudanganya. Unachotaka kuona ni kayaki inayobaki juu ya maji, ikiwa imelala sawa, huku wewe umeishikilia. Ikiwa tezi inazama na omo inasimama kama mlingoti, hewa yako yote imekwama upande mmoja, na chombo cha namna hiyo hakishikiki wala hakikumbiki maji.

Hapo ndipo povu linapohitajika. Tumia povu la vitundu vilivyofungika, lisilonyonya maji. Lita 50 zake zina uzito wa kilo moja na nusu hivi na huinua karibu kilo 48. Ligawe omoni na tezini, ulifunge kwa mikanda lisitembee, kisha urudie jaribio la kujaa maji. Povu la kupulizia, lile linaloumuka, liache kabisa: halishikani na polithini, huweza kulisukuma gamba likatutumka, na baada ya muda hunywa maji usiyoweza kuyatoa. Usilijaze gamba lote pia, kwa maana utahitaji kuingiza mkono kutafuta panapovuja.

Jambo la mwisho kwa upande wangu: kayaki iliyojaa ina mamia ya kilo za maji. Usiivute ufukoni ikiwa hivyo, na usisimame kati yake na nchi kavu hata wimbi likiwa dogo. Ikumbe maji kwanza kwa pampu ya mkono.

Binti Nahodha anajibu:

Fundi amesema yote ya kujaa maji. Mimi naona ni vema tujue pia maji yenyewe yanapita wapi, kwa sababu kayaki mpya haina udhuru wa kuvuja, na kasoro ikionekana sasa unaweza bado kuirudisha ulikoinunua.

Iweke juu ya magogo mawili, mimina lita 10 ndani, kisha uiinamishe huku na huku ukitazama chini kila panapodondoka. Yachunguze zaidi matundu ya kumwaga maji, maana plastiki mara nyingi huwa nyembamba pale mirija yake inapoungana na gamba, na wale wanaotumia vigari vya kubebea vinavyochomekwa ndani ya matundu hayo huzidi kupachosha. Mimina maji nje, kausha, kisha paka maji ya sabuni kuzunguka kila parafujo, kila kishikio na ukingo wa vifuniko, na mwenzako apulize kwa mdomo kupitia mpira uliochomekwa kwenye tundu la kizibo. Mapovu yatakuonyesha. Pampu ya gereji ya kujazia upepo isikaribie hapo, kwani inaweza kulipasua gamba.

Kuna sababu nyingine ya maji kuingia ambayo si tundu. Kayaki iliyoachwa juani, hewa yake ikapata joto la nyuzi 50, ikishushwa kwenye maji ya nyuzi 20, hewa hiyo husinyaa kwa karibu asilimia 9. Ikiwa ndani kuna lita 300 za hewa, hizo ni lita 27 zinazotafutwa kujazwa, na gamba litavuta maji kupitia mpira wowote wa kuzibia uliolegea. Kwa hiyo ukiishusha, iache ipoe kidogo, fungua kifuniko cha katikati mara moja, kisha kifunge tena kabla ya kuondoka. Ukiihifadhi, kiache kikiwa kimelegezwa.

Ukikuta ufa, usitumie silikoni, kwa kuwa haishiki kwenye polithini. Ufa huchomelewa kwa joto, kwa ujiti wa plastiki ya aina ileile. Kikombe kimoja cha maji baada ya asubuhi nzima ya kuvua ni cha kuvumilika. Zaidi ya hapo, mimi nisingetoka nayo.

Kafi Mbili anajibu:

Wenzangu wamekijaribu chombo. Mimi nakuomba ujijaribu wewe, kwa kuwa utakuwa peke yako.

Vaa jaketi la kujiokolea na nguo utakazovulia, nenda kwenye maji ya kifuani, uipindue kayaki kwa makusudi ikiwa na uzito wake. Upana wa sentimita 86 unaokupa utulivu wa kusimama ukirusha ndoana ndio huohuo unaoifanya iwe ngumu kugeuzwa ikilala kifudifudi. Wengi hupitisha kamba chini ya gamba, wakaishika ncha ya upande wa pili, wakakanyaga ubavu ulio karibu na kujitupa nyuma kwa uzito wa mwili. Ikishageuka, usijaribu kujivuta juu kwa mikono tu. Acha miguu ielee nyuma yako, piga mateke kana kwamba unaogelea, teleza kwa tumbo hadi kitovu kipite katikati ya sitaha, geuka uketi, ndipo uingize miguu. Ukishindwa, funga kitanzi cha kamba cha kukanyagia na ujaribu tena.

Fanya hivyo kwa ubavu wa kulia na wa kushoto. Fanya tena ukiwa umechoka, kisha mahali usipofika chini, mwenzako akiwa karibu. Utagundua kwamba mianzi iliyosimama nyuma ya kiti inakuzuia, kwamba mifuko iliyojaa kifuani mwa jaketi inanasa ubavuni, na kwamba kafi lisilofungwa kwa kamba limekwisha kwenda zake. Mambo hayo yote yana dawa ukiyajua mapema. Kisu kiwe kifuani, mahali mkono wowote unapofika, kwa ajili ya mishipi na kamba ya nanga.

Kuhusu jaketi lenyewe, soma namba iliyo ndani. Katika viwango vya kimataifa vya majaketi hayo, ISO 12402, niutoni 50 ni kwa anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada, 100 ni kwa maji yaliyokingwa, na 150 ni kwa maji ya wazi. Niutoni 50 ni nguvu ya kuinua kilo tano hivi, na hutosha watu wazima wengi kuweka mdomo juu ya maji, lakini halikusudiwi kumgeuza aliyezirai. Likaze, kisha mwenzako alivute juu kwa mabega. Likifika masikioni ni kubwa au limelegea.

Mshipi Mrefu:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nina maswali mawili yaliyobaki. Huko ninakovulia maji huwa baridi sana miezi fulani, je, hilo linabadilisha chochote? Na je, niyazibe matundu ya sitaha ili kiti kibaki kikavu?

Kafi Mbili:

Baridi inabadilisha hesabu yote. Ukitumbukia kwenye maji baridi kweli, dakika ya kwanza ni ya kuhema bila kujizuia, na kazi yako pekee ni kutulia mpaka pumzi irudi. Baada yake una kama dakika 10 ambazo vidole na mikono bado vinakutii, na uwezo wa kurudi kayakini unaishia humo, ingawa fahamu zinaweza kubaki kwa muda wa saa moja. Hivyo maji yakiwa chini ya nyuzi 15, vaa kwa ajili ya maji, usivae kwa ajili ya hewa, na kama jaribio la kupanda tena linakuchukua dakika nyingi, usitoke peke yako majira hayo. Filimbi na redio isiyoingia maji vifungwe kwenye jaketi, visifungwe kwenye kayaki, kwani unaweza kutenganishwa nayo.

Fundi Kalafati:

Matundu yaache wazi kwanza. Yapo ili wimbi likipanda sitahani lishuke lenyewe, na ukiyaziba, unabeba bwawa linalotembea sitahani. Ijaribu kwa kilo zako 120. Maji yakipanda kupitia matundu na kubaki kitini, sogeza betri mbele kidogo na uangalie tena alama yako ya utepe. Yakizidi kubaki, ziba mawili yaliyo chini ya kiti tu, uache mengine wazi, kisha mwenzako akumwagie ndoo mbili za maji sitahani ukiwa umeketi, mwone inachukua muda gani kukauka.